Risala ya Wafugaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumtoa Dume Kundini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wafugaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana. Umefika siku tuliyotaka uishuhudie: asubuhi hii tumemtoa dume wetu wa ng'ombe kundini baada ya siku 63, na hatarudi humo hadi msimu ujao.

Mheshimiwa, zamani dume alishinda na majike mwaka mzima. Ndama walizaliwa mwezi wowote, wengine katikati ya kiangazi, kiwele kimesinyaa, ndama anagonga kwa kichwa na hapati kitu. Tukaanza kuhesabu kinyumenyume. Jike hubeba mimba siku 283 hivi. Tukitaka ndama wadondoke majani yakichipua, dume aingie miezi tisa na kidogo kabla. Jike asiyeshika mimba hurudi joto, yaani hutaka kupandwa tena, kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo siku 63 zinampa nafasi tatu.

Msimu wa kwanza ulitutoa machozi. Dume alikuwa amenawiri, ngozi inang'aa, anapanda kila siku, nasi tukatulia. Wiki ya nne jike mmoja mwekundu akarudi joto, kesho yake wawili, mwisho zaidi ya nusu ya kundi. Tukawalaumu majike. Tukabadilisha malisho, tukaongeza chumvi ya madini. Daktari wa mifugo alipompima dume, akakuta mbegu nyingi hazisogei. Kumbe wiki tatu kabla ya kuingia kundini alikuwa ameugua homa kali, na sisi tulipomwona anakula tukasema amepona. Mbegu huchukua siku 60 hivi kutengenezwa, hivyo madhara ya homa hubaki muda mrefu baada ya homa kwisha. Majike wawili tulikuwa tumeshawauza kwa kuwaita tasa. Hilo linatuuma mpaka leo.

Sasa dume hukaguliwa miezi miwili kabla ya msimu. Hupimwa mbegu, pia brusela na trikomonasi, magonjwa yanayoharibu mimba, na korodani huzungushiwa utepe: mzunguko wake kwa dume wa miezi 15 usipungue sentimita 30. Tunamtembeza pia, kwa sababu anayechechemea mguu wa nyuma hapandi hata mbegu zikiwa nzuri. Dume aliyekomaa tunampa majike 25, kijana wa miezi 18 hapewi zaidi ya 18. Na mabinti zake wakikaribia kupandwa, yeye huondoka, asije akapanda damu yake.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu. Kwanza, daktari wa mifugo afike kwa ratiba kila msimu unapokaribia, na arudi miezi miwili baada ya dume kutoka, apime mimba. Pili, utusaidie kupata njia ya kubadilishana madume na vikundi vingine, madume yawe yamepimwa. Tatu, na hili ndilo linalotunyima usingizi, tunahitaji zizi imara la dume lenye mlango wa mtu kukimbilia. Dume huyu ni mpole, lakini mwenzetu mmoja alibanwa ukutani na dume aliyeitwa mpole vilevile, akavunjika mbavu.

Baada ya hotuba yako tunaomba tufuatane ukamwone. Vijana wetu watatangulia. Tafadhali usimpe mgongo.

Naomba kuwasilisha.