Steroidi haingoji majibu ya maabara

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wote wanaoishi na wazee, na wahudumu wa afya wanaowapokea. Mtu aliyevuka miaka 50, na zaidi sana aliyevuka 70, akianza kuumwa kichwa kwa namna asiyoizoea, asipewe dawa ya maumivu tu akaambiwa aende akalale. Aulizwe: akichana nywele, ngozi ya kichwa inauma? Akitafuna, taya linauma hadi apumzike kidogo ndipo aendelee? Jicho moja limewahi kuingia giza, hata kwa dakika chache? Hizo ni dalili za ugonjwa wa kuvimba kwa ateri za kichwani, yaani mishipa inayopeleka damu, hasa ile inayopita kwenye panja. Jicho likikosa damu kwa ajili hiyo, aghalabu halioni tena.

Kinachoniuma ni huku kungoja majibu ya vipimo ndipo dawa ianze. Kipimo cha damu kinahitajika, na kipande cha mshipa kupimwa kinahitajika pia, lakini daktari akiwa na shaka ya kweli, predinisoloni, vidonge vya steroidi vinavyotuliza uvimbe huo, ya miligramu 40 hadi 60 kwa siku inaanza siku ileile. Kipande kikikatwa siku chache baadaye bado huonyesha ugonjwa. Macho yakiwa yameanza kuguswa, madaktari wengi hutanguliza methilipredinisoloni, steroidi nyingine, ya kwenye mshipa, miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku, siku 3, kisha vidonge.

Halafu kuna hili la kuacha dawa. Kichwa hutulia ndani ya siku chache, mzee anachangamka, uso unaanza kumvimba kwa sababu ya dawa, na watu wa nyumbani wanaona vidonge vimetosha. Jamani, hapana! Ugonjwa hurudi, na tezi za adrenali, zile za juu ya figo zinazoutengenezea mwili steroidi yake, zikiwa zimelala kwa sababu ya vidonge haziamki kwa siku moja. Mgonjwa anaweza kuzimia, hata kufa. Dozi hushushwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa mwaka mmoja hadi miwili, na anayeishusha ni daktari.

Wanaoiogopa steroidi siwalaumu. Hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, huleta mtoto wa jicho. Basi vipimwe mapema, na kalsiamu, vitamini D na dawa ya kulinda mifupa vizungumzwe tangu mwanzo. Ipo pia sindano ya tosilizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ugonjwa huu, inayowezesha steroidi kupunguzwa upesi zaidi. Mzee mwenye kisukari, au aliyekwisha kuvunjika nyonga, ana haki ya kuambiwa kwamba ipo, hata kama hospitali anayotibiwa haina.

Msomaji anayemuuguza mzee