Malalamiko: kompyuta inayopoteza picha, na fundi aliyeipima bila ya kadi yake ya grafiki

Chake Chake, Pemba

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Mjini Unguja.

Assalaam alaykum.

YAH: KOMPYUTA YA MEZANI KUPOTEZA PICHA, NA NAMNA NILIVYOTENDEWA KAUNTANI KWENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya waranti ya mwaka mmoja mnayajua, mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo siyarejei. Nambari ya risiti na nambari ya mashine zimo kwenye nakala nilizoambatanisha. Ninaandika yale ambayo fundi wenu hakuyaandika kwenye fomu yake, kwani fomu nzima ina maneno matano: "Hakuna hitilafu. Kosa la mtumiaji." Chini yake, shilingi 15,000 za uchunguzi. Uchunguzi!

Kwanza la kauntani. Fundi aliichukua mashine, akafungua ubavu, akachomoa kadi ya grafiki na kuilaza mezani, akachomeka waya wa skrini kwenye tundu la madabodi, yaani bodi kuu ya mashine, akawasha. Picha ikaja. Akanambia, na foleni nzima inasikia: "Bi mkubwa, mashine nzima hii. Kamwite mwanao akuwashie." Watu wakacheka. Kazi yote haikufika dakika nne. Bi mkubwa kwetu ni neno la heshima. Siku ile lilitumika kama fagio.

Sasa tazameni alichopima. Kompyuta hii ina njia mbili za kutoa picha. Moja inapita kwenye kadi ya grafiki, ambayo ndiyo iliyonifanya niilipie mashine bei ile. Ya pili ni grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na inatokea kwenye tundu la juu, jirani na matundu ya USB. Mimi nimelalamikia njia ya kwanza. Fundi akaing'oa njia ya kwanza, akaijaribu ya pili, akaona inafanya kazi, akatangaza kwamba ya kwanza haina kosa. Mtu akikuletea gari lenye gia mbovu, huwashi redio yake ukamwambia gari zima.

Hitilafu yenyewe niliieleza kwa maandishi nilipoileta, na karatasi ile sijui mmeipeleka wapi, kwa hiyo naiandika tena. Picha inakatika dakika 20 hadi 40 baada ya kuwasha, khasa kadi inapopewa kazi nzito, kama video kubwa au programu ya kuchora ramani za nyumba. Mwanzo skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu, kisha inarudi. Ikishakuwa hivyo mara kadhaa hairudi tena, na feni ya kadi inaanza kuvuma kwa nguvu zake zote. Ukizima, ukaiacha ipoe nusu saa, inawaka kama haijawahi kuugua. Dukani kwenu kiyoyozi kinatia baridi mpaka mikono inakufa ganzi, ubavu wa mashine umefunguliwa, kadi haimo, dakika nne. Mngeiona vipi?

Kabla ya kuipakia boti sikuigusa ndani, nikiiheshimu stika yenu ya waranti. Nilipima ya nje tu. Picha ilipopotea nilibonyeza kitufe cha menyu cha skrini: menyu yake ikatokea, pamoja na maandishi kwamba haipokei kitu kutoka kwenye kompyuta. Kwa hiyo kioo kizima na taa zake za nyuma nzima. (Menyu isingetokea, ningemulika kioo kwa tochi kwa pembeni, ukiona picha hafifu gizani, zilizokufa ni taa za nyuma.) Nilibonyeza Num Lock kwenye kibodi, taa yake ikawaka na kuzimika kila nilipobonyeza. Kisomo kilichokuwa kwenye spika kikaendelea, na spika zimechomekwa tundu la kijani la madabodi. Zingekuwa zinapata sauti kwa HDMI, waya wa picha unaobeba na sauti, ingekatika pamoja na picha. Maana yake prosesa, ramu na diski vinafanya kazi, na kilichokufa ni njia ya picha peke yake. Nilibadilisha waya wa HDMI mara tatu, mmoja mpya wa mita moja na nusu. Nikahamia tundu la DisplayPort la kadi hiyo hiyo. Nikaazima skrini nyengine. Nikabonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, ambazo huiamsha upya dereva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha kadi: mlio ukasikika, picha haikuja. Nikaifuta dereva yote na kuiweka upya. Kwenye kumbukumbu za Windows kuna tukio nambari 4101, dereva ya skrini kuacha kujibu, limejirudia safu kwa safu, na saa zake zinalingana na saa nilizoandika mimi kwa kalamu. Karatasi hizo zilikuwa mbele ya fundi wenu. Hakuinua hata moja.

Mliponipigia simu... hapana, nilipopiga mimi, maana nyinyi hamkupiga, nilijibiwa kwamba "huo umeme wa Pemba". Umeme wa Pemba tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, na wa Unguja unatoka Ras Kiromoni na kuingilia Fumba. Yote ni gridi moja ya Bara, inayowasha na kiyoyozi chenu. Isitoshe, mashine iko nyuma ya stabilaiza, na mita niliyoichomeka ilisoma baina ya volti 224 na 231, na picha ilipokatika namba haikutikisika. Umeme ungeshuka kiasi cha kuiangusha kadi, ungeizima mashine nzima. Tena wiki ya pili mkabadilisha wimbo, ikawa "chumvi ya bahari". Chumvi tunaijua sisi tunaokaa nayo: inaacha unga wa kijani au mweupe kwenye shaba. Nitakwambieni nilichokikuta mimi kina rangi gani.

Niliporudishiwa mashine ubavu tayari ulikuwa umefunguliwa na stika imechanika vipande viwili, basi nikatazama. Kadi hii, kwa karatasi ya mtengenezaji, inakula hadi wati 120. Tundu lake kwenye madabodi linatoa wati 75 mwisho. Zilizobaki zinakuja kwa plagi ya pini sita kutoka pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Kwenye plagi hiyo, pini moja ya waya wa manjano, yaani wa volti 12, imerudi nyuma kiasi cha milimita mbili, haikamati sawasawa, na plastiki iliyoizunguka imegeuka kahawia. Hiyo si kutu. Hiyo ni plastiki iliyopata moto. Pini isiyokamata inaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linazidi kuilegeza. Kadi ikiwa haina kazi inavumilia. Ikiombwa nguvu, volti zinashuka pale pale kwenye plagi na kadi inajifunga. Ndiyo hizo dakika 20 hadi 40. Pawa saplai kwengineko haina neno: kwenye plagi ya diski nimepima volti 11.9 mashine ikiwa kazini, na kiwango kinaruhusu kuanzia 11.4 hadi 12.6. Picha za plagi nimeambatanisha, nne, moja nimepiga karibu sana na rula pembeni.

Nikaipandisha boti tena, Mkoani mpaka bandari ya Malindi, Unguja, na picha mkononi. Mkanambia stika imechanika, waranti imekufa.

Nani aliyeichana? Narudi kauntani, mniwie radhi, maana hapa ndipo nisipoweza kupita haraka. Fundi wenu alipitisha bisibisi chini ya stika bila ya kuitazama, nikaisikia inachanika. Plagi ya pini sita aliivuta kwa kushika nyaya, hakushika plagi, na kibanio chake hakukibonyeza mpaka mwisho. Kadi akailaza upande wa shaba juu ya meza ya chuma. Nilimwambia, kwa adabu kabisa: "Mwanangu, ukitaka kuona kosa irejeshe kadi, uchomeke kwenye tundu la kadi." Akajibu, "Yote mamoja." Si mamoja! Akawasha, picha ikaja, akawageukia waliokuwa nyuma yangu kabla ya kunigeukia mimi, ndipo akasema kamwite mwanao akuwashie. Mmoja wa wenzake ndani alicheka mpaka akaweka chai chini. Nikalipa 15,000 zenu mbele ya watu hao hao. Sisemi yeye ndiye aliyeirudisha pini nyuma. Ile rangi ya kahawia ni ya siku nyingi. Nasema aliishika plagi yenye ugonjwa kwa vidole vyake na hakuitazama, kwa sababu alikuwa ameshaamua kwamba mgonjwa ni mimi.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba pawa saplai mpya tu, pamoja na nyaya zake. Narudia, pamoja na nyaya zake, maana kwenye simu mlisema mnao "waya mwengine wa pini sita" mtanipa. Waya huo ni wa pawa saplai nyengine. Upande wa kadi pini zinafanana, upande wa pawa saplai kila kampuni inazipanga kivyake. Ukichanganya unaweza kupeleka volti 12 mahali pa waya wa ardhi, ukaunguza kadi na madabodi kwa pamoja. Mtu anayeuza kompyuta akisema hivyo kwa simu, mimi sina tena imani ya kupokea kipande chochote kutoka kwake. Kwa hiyo ombi limebadilika. Nataka pawa saplai mpya ya aina ile ile, kadi mpya pia, kwani iliyopo imekula umeme wa kuyumba kwa wiki nyingi na sijui imebakiwa na umri gani, 15,000 zangu, na nauli za boti mara mbili kwenda na kurudi, tiketi zimo humu. Na fomu ile ya "kosa la mtumiaji" ifutwe kwa maandishi, yenye sahihi yako Meneja, si ya fundi.

Mkiona hayo ni mengi, basi rejesheni pesa zote za mashine mje muichukue. Nimeshafika mahali ambapo nalipendelea hilo.

Nawapa siku 14 tangu kuipokea barua hii. Zikipita, barua, picha za plagi, kumbukumbu za 4101 na fomu yenu ya maneno matano vitakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na kutoka hapo kwa wakili. Skuli mbili za hapa Chake zimeniuliza wapi wanunue kompyuta za maabara. Sijawajibu bado.

Mashine siipandishi boti mara ya tatu. Tumeni fundi Chake Chake, asiwe yule. Aipime ubavu ukiwa umefungwa, kadi ikiwa ndani, waya kwenye tundu la kadi, programu nzito ikizunguka kwa dakika 45 bila ya kiyoyozi. Chai nitampa.

Wabillahi tawfiq,

Mteja wenu, mwenye risiti iliyoambatanishwa

Viambatanisho: nakala ya risiti na fomu, picha nne za plagi, kurasa tatu za kumbukumbu, tiketi nne za boti.