Rilei si mwizi wa betri

Bwana Mhariri,

Nipe nafasi niwajibu madereva wa matatu na tuktuk hapa Malindi, pamoja na mafundi wenzangu kadhaa, wanaoshikilia kwamba rilei, kile kijisanduku cheusi kinachopitisha umeme wa taa kwa amri ya swichi, inakula betri na dawa yake ni kuing'oa na kuunga waya moja kwa moja.

Mimi ni fundi umeme wa magari, karakana yangu iko Maweni. Sikosi kuletewa swichi ya taa iliyoyeyuka plastiki, na nikifuata waya nakuta yaleyale: rilei imetolewa.

Tupige hesabu. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja, kwa betri ya volti 12, zinavuta zaidi ya ampea 9. Swichi ndogo ya kwenye usukani haikuundwa kubeba mzigo huo usiku kutoka hapa hadi Mombasa. Koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya rilei ya kawaida, ina ukinzani wa kama omu 80, kwa hivyo inatumia ampea 0.15 tu. Huko ndiko kula betri?

Kifungueni kile kijisanduku cheusi. Ndani mna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye kipande cha chuma. Ukiwasha swichi, umeme mdogo unapita kati ya pini (miguu ya kuungia waya) 86 na 85, kile chuma kinageuka sumaku na kuvuta ulimi wa chuma ulio karibu nacho. Ulimi ukivutwa, ncha yake inagusa ncha ya pili, tik! na umeme mkubwa unapata njia kutoka betri kwa pini 30 hadi taa kwa pini 87. Ukizima, sumaku inakufa na springi inarudisha ulimi mahali pake. Umeme wa taa haupiti kabisa kwenye swichi. Nahodha anatoa amri, kamba ya tanga wanavuta mabaharia.

Sikatai, rilei huharibika. Hewa yetu ya chumvi hula zile ncha, ikawa inalia tik na taa haziwaki. Au ncha zinaungua na kugandana, taa zikakataa kuzima. Lakini rilei mbovu hubadilishwa, haifutwi.

Halafu kuna rilei za pini tano. Ile ya 87a hupata umeme wakati rilei imelala, si wakati imeamka, na anayeichanganya na 87 hujitafutia balaa. Iko tuktuk moja hapa mjini ambayo taa zake huwaka dereva akizima swichi, na huzimika akiwasha. Kila asubuhi anaisukuma, huku akilaani rilei kwa kummalizia betri. Akisoma barua hii aje, nitamhamishia huo waya bure.

Fundi umeme wa magari,
Maweni, Malindi