Mtafiti apewe maiki kabla ya bendi

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama ni ndefu kata unapotaka ila ya yule mzee naomba uniachie. Mimi ni mpiga besi wa bendi ndogo ya dansi hapa Tanga mjini, Jumamosi tunapiga kwenye baa moja huku Ngamiani, baa ya kawaida tu, viti vya plastiki, jiko la mshikaki mlangoni, choo usiulize. Shule niliishia kidato cha nne. Lakini kuna jambo lilitokea pale miezi michache iliyopita na halijanitoka kichwani ndo mana nimekaa kuandika.

Siku hiyo mpiga drams wetu alikwama njiani akitokea Muheza, gari limepasua tairi. Watu wameshakaa, bia zimeshaanza kutembea, vyombo tumeshafunga, na bila drams dansi halipigiki. MC wetu akaanza kuzungusha maiki kwenye meza kama kawaida yake akiishiwa maneno, wewe unatokea wapi, wewe unamsalimia nani, mara akafika kwa binti mmoja amekaa na wenzake, binti akasema kazi yake ni utafiti wa samaki. MC akamtania, haya tupe samaki basi. Kumbe yule binti sio wa kutaniwa, akasimama, akauliza nani humu ndani amewahi kumuona silikanti kwa macho yake, sio kwenye picha.

Watu kicheko. Maana hapa Tanga silikanti sote tunamjua kwa jina, hifadhi yake ya bahari ipo tangu 2009, ila ukimbana mtu akueleze ni nini atakwambia ni samaki wa zamani na hapo ndo elimu yake inapoishia, na mimi nilikuwa humo humo. Binti akaeleza kwa Kiswahili cha kawaida kabisa kwamba wataalamu waliamini samaki huyu alishaisha tangu enzi za dinosaria, miaka kama milioni 66, walikuwa wanamjua kwa alama zake kwenye mawe tu, mpaka 1938 huko East London Afrika Kusini dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, alipoitwa bandarini kuangalia samaki walioshushwa akamkuta mmoja wa rangi ya bluu, mapezi yamekaa kama vimiguu. Kwetu Tanzania wakaanza kunasa 2003, na baada ya hapo Tanga ndo ikawa kama nyumbani kwao, wananasa kwenye jarife, zile nyavu za papa zinazoshushwa chini sana. Halafu akaonyesha anavyoogelea. Chupa ya soda mkono mmoja, maiki mkono mwingine, mkono huu ukipanda ule unashuka, kwa kupishana, kama mtu anayetembea. Baa nzima ikawa inatingisha mikono, hata mchoma mshikaki na koleo lake.

Hapo ndo mzee akanyanyuka. Mzee huyu ni mvuvi wa zamani, pombe hanywi, anakujaga kwa ajili ya muziki na chai yake ya tangawizi, anakaa karibu na spika kwa sababu sikio moja limechoka. Akasema, "Mwanangu, huyo mimi nimemla."

Jamani. Binti hakucheka. Akamwambia shikamoo mzee, hebu tueleze. Mzee akasema nyama yake mafuta matupu, walikula wanne wakaharisha wote wanne, na walipompasua walikuta mayai makubwa kama machungwa. Binti akamuuliza jarife lilishuka pima ngapi, mzee akamjibu zaidi ya hamsini, akamuuliza na mwezi ulikuwaje, mkondo ulikuwa unaelekea wapi, na majibu yote anayaandika kwenye simu, yani maiki kaiweka mezani kabisa kasahau kama kuna watu. Mara ya kwanza naona msomi anaandika na mvuvi anasomesha.

Aliporudi kwenye maiki akasema yale mayai hayatagwi, yanaanguliwa humo humo tumboni na watoto wanazaliwa hai. Akasema pia mwanzo ilidhaniwa silikanti anaishi miaka 20 hivi, ila 2021 watafiti wa Ufaransa walihesabu upya mistari ya umri kwenye magamba, ile midogo isiyoonekana bila darubini, wakakuta anaweza kufika miaka 100, jike linapevuka likikaribia miaka 60, na mimba kwa hesabu zao ni miaka mitano. Mama mmoja anayekaanga samaki pale nje akapiga ukelele, "Miaka mitano! Maskini mwenzangu!" Vicheko mpaka meza zinapigwa. Lakini vilipotulia watu walishaelewa bila kuambiwa uvuvi wa baruti ni mbaya, hilo bango tumelisoma mpaka limefifia, safari hii kila mtu alipiga hesabu yake mwenyewe kwamba ukimtoa mmoja baharini wa kushika nafasi yake utamsubiri mpaka wewe mwenyewe uwe udongo.

Mlevi naye hakosekani, mmoja akauliza kama mafuta yake yanaongeza nguvu za kiume. Binti akamjibu kwa uso mkavu kabisa, muulize mzee yaliwafanya nini. Mpiga drams alipofika, dakika arobaini zimeshapita, na ndo siku ya kwanza tumepanda jukwaani watu wakasema bado kidogo.

Sasa Mhariri, linganisha na semina. Mwaka mmoja niliwahi kuitwa kwenye moja kama "mdau" kwa sababu bendi yetu inahamasisha vijana, hoteli nzuri, kiyoyozi, projekta inaonyesha maandishi ya Kiingereza madogo kama sisimizi, mtoa mada anatusomea ukutani kama sisi hatuna macho, maswali dakika tano halafu saa ya kusaini posho. Niliondoka na kalamu, kabrasha na nauli. Mada ilikuwa bahari. Baharini kwenyewe ilikuwa mita mia mbili kutoka pale na hakuna mvuvi hata mmoja ukumbini.

Baadaye yule binti akaniambia kumbe nje mambo haya yapo siku nyingi. Mwaka 1998 pale Leeds, Uingereza, kuna jamaa anaitwa Duncan Dallas, kazi yake ilikuwa kutengeneza vipindi vya TV, alianzisha kukutanisha watu na wanasayansi kwenye sehemu za vinywaji, na wazo alilitoa Ufaransa ambako mwalimu wa falsafa Marc Sautet tangu 1992 alikuwa anakaa na watu kwenye mgahawa Paris wanabishana. Utaratibu wake nimeupenda kama mwanamuziki. Mtaalamu anaongea dakika 20 hivi, hakuna projekta, halafu inakuwa brek watu wajaze glasi, halafu maswali ndo yanakula muda wote uliobaki. Yani seti ya kwanza fupi, seti ya pili ndefu, mtu yeyote aliyewahi kupiga baa anajua hiyo ndo hesabu sahihi. Na 2013 watafiti wawili wa London wakaanzisha Pint of Science, siku tatu mwezi wa tano wanasayansi wanaingia kwenye baa wanaeleza kazi zao, sasa imeshasambaa nchi nyingi.

Mi nikajisemea hawa wametugundulia kijiwe. Sisi baraza tunazo toka babu zetu, kahawa, kashata, bao, ubishi mpaka adhana ya alfajiri, tulichokosa ni mtu mwenye jibu kukaa kwenye benchi lile lile. Mnakumbuka 2019 homa ya dengi ilivyotushika hapa Tanga? Pale baa tulibishana wiki nzima, huyu anasema lala na chandarua utapona, yule anasema ni mbu wa malaria amebadilika. Hakuna aliyetuambia kwamba mbu wa dengi ni mwingine, anauma mchana, na anazalia kwenye maji masafi yaliyotuama, matairi, makopo, vifuu, vyungu vya maua. Nyuma ya ile ile baa kulikuwa na matairi manne ya gari yamejaa maji ya mvua. Tunabishana, yeye anazaliana mgongoni kwetu. Na wataalamu wa mbu tunao mkoani kwetu, kituo cha utafiti Amani kimeanza na Wajerumani 1902 kwa mambo ya mimea na kilimo, malaria ikafuata baadaye, mpaka leo Muheza kuna watu kazi yao ni mbu. Mpiga drams wetu anatoka huko huko kila Jumamosi, si wapande wote gari moja.

Najua wapo watakaosema elimu na pombe wapi na wapi. Jirani yangu wa msikitini ameshaniambia, na namuelewa, Tanga hii watu wengi hawatii mguu baa na wanawake wengi hawawezi kukaa pale bila kusemwa. Basi ukumbi wa taarabu upo, kabla kinanda hakijalia watu wanakaa saa nzima wakiangaliana magauni, mpeni daktari wa hospitali ya Bombo dakika zake 20 aongelee presha muone. Kijiwe cha kahawa pia kinatosha, hata spika hakitaki. Sing'ang'anii baa, ninachosema ni mtaalamu afuate watu walipokaa kwa hiari yao, wakiwa hawajalipwa kusikiliza. Wenye baa wanaoogopa mtu atakaa na chupa moja usiku kucha, wa kwetu yule usiku huo hakulalamika, na huyu bwana huwa analalamika mpaka mvua ikinyesha.

Watafiti nao niwaambie kitu. Mnajua usemi wa Tanga, waja leo waondoka leo. Ninyi ndo mnautendea haki. Mnakuja, mnatutoa damu vidoleni, mnapima samaki wetu, mnatuuliza maswali kurasa nane tunajibu kwa adabu, halafu mnaondoka na hatusikii tena mlichokiona. Rudini jioni moja mtuambie.

Mzee naye anadai deni lake. Usiku ule alimuuliza binti, miaka yote baharini amewaona wakubwa ila mtoto wa silikanti hajamuona hata siku moja, sasa wanakaa wapi? Binti akamwambia mzee wangu, hata sisi tunawatafuta, waliowahi kuonekana ni wachache mno. Akaahidi akipata habari atarudi. Sasa kila Jumamosi nikiwa nafunga waya za besi mzee ananivuta shati, "Yule binti wa samaki leo anakuja?"

Tunaanza saa mbili usiku, maiki ipo.

Mpiga besi,
Ngamiani, Tanga