Ubao wa sentimita 13

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwanamke wa miaka 52, nauza vifaa vya ujenzi Chikongola, Mtwara mjini. Tangu Ramadhani iliyopita nimekuwa na jambo moja kichwani: niagize Toyota GR86 mpya kutoka Japani, gari la spoti la milango miwili, au niache. Ushauri nimepewa mwingi, zaidi ya nilioomba. Mwanangu wa kwanza anataka ninunue Noah tuiweke ruti ya Masasi. Shoga yangu anasema Harrier, ndiyo inayomfaa mtu mzima. Mjomba aliyenilea aliuliza swali moja tu: "Litapita wapi, mama?"

Mjomba ana haki ya kuuliza. Aliendesha mabasi ya Mtwara na Dar es Salaam enzi za kivuko cha Ndundu katika Mto Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, safari ambayo masika ilikuwa inakula siku na siku. Ndiye aliyenifundisha gari nikiwa na miaka 17, kwenye mchanga wa Naliendele, kwa Land Rover ambayo klachi yake niliikanyaga kwa miguu miwili. Siku ile niliapa kwamba nikishamaliza kusomesha, nitanunua gari kwa ajili ya kuendesha tu. Kitinda mimba wangu amehitimu mwaka huu.

Fedha sikukopa. Ni za duka na za mikorosho ya marehemu mama kule Tandahimba, iliyonilipa vizuri msimu wa 2024 pale mnada ulipovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwanza nilidhani nitaokoa nikichukua Toyota 86 ya zamani, iliyolitangulia GR86, ya mwaka 2013. Nikakaa na kalamu. Gari dogo lililozidi miaka 10 linatozwa asilimia 30 za uchakavu, mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini isiyozidi cc 2,000, halafu kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote. Kila shilingi 100 ya thamani ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) wanaikubali inazaa kodi ya karibu shilingi 99. Jipya lina injini ya cc 2,387, kwa hiyo ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 10, lakini uchakavu haupo. Kodi inaishia shilingi 62 na ushee, kabla ya tozo ndogondogo. Kwa jumla jipya bado ni ghali zaidi, sifichi. Ila kulipa kodi inayokaribia bei ya gari lenyewe, tena gari lililokwisha kuchoka, roho yangu ilikataa.

Mwezi Juni mteja wangu mmoja wa Dar es Salaam aliniachia GR86 lake alfajiri ya Jumapili, kutoka Mwenge hadi Tegeta. Unakaa chini mpaka tairi la daladala linakuwa usawa wa sikio lako. Nguvu ya kuvuta inafika kileleni mapema, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,700 kwa dakika, wakati lile la kwanza la mwaka 2012 lilikuwa linasubiri hadi zaidi ya 6,400. Viti vya nyuma vinatosha mkoba na kanga. Wakati wa kushuka goti la kulia liliniuma, na machozi yalikuwa yananitoka, nami si mwepesi wa kulia.

Tatizo ni tumbo lake. Liko sentimita 13 tu kutoka ardhini. Chupa ya soda iliyosimama haipiti chini yake. Basi nilimwomba seremala jirani yangu anichongee ubao wa mninga, nikaufunga kwa waya chini ya IST yangu, katikati ya magurudumu, ukining'inia sentimita 13 juu ya lami. Fundi wangu alinionya kwamba magurudumu ya mbele na ya nyuma ya GR86 yameachana kwa sentimita 20 zaidi, hivyo lenyewe lingegusa zaidi kuliko ubao. Nikamchukua mpwa wangu na daftari, tukaenda Lindi.

Rasta, vile vituta vyembamba vinavyofuatana, hazikuugusa hata mara moja. Matuta ndiyo. Kabla ya kutoka Mikindani ubao ulikuwa umekwaruzwa mara tatu. Mbele ya Kiwalala tulipita tuta lisilo na rangi wala kibao, nikaliona likiwa tayari chini ya taa. Lilikuwa fupi na limesimama kama ukuta. Ubao ulipiga kra! ukakatika vipande viwili. Mpwa wangu aliandika: tuta la 22, gonga la 9.

Mhariri, sisemi matuta yaondolewe. Mengi yalikuja baada ya mtoto kugongwa, na mama wa mtoto yule anapita hapo kila siku. Ninachoomba ni umbo. Mhandisi mmoja anayenunua saruji kwangu alinieleza kwamba tangu miaka ya 1970 Waingereza walishapima tuta la mviringo lenye upana wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10: dereva analazimika kupunguza mwendo, na gari halisuguliwi tumbo. Wanaotujengea barabara walitumie hilo, walipake rangi, waweke kibao mapema. Mwaka juzi nilimsindikiza wifi yangu mwenye uchungu kwenda hospitali ya Ligula usiku, na kila tuta lilimfanya ashike mkono wangu kwa kucha zake. Alama moja bado ninayo.

Kuhusu gari, nimeamua. Naliagiza, jekundu. Litatembea Shangani, bandarini na Mikindani, na yale matuta matatu nitayavuka kimshazari, gurudumu moja moja. Tandahimba nitaendelea kwenda na pikapu. Mjomba nimemwambia atakuwa wa kwanza kupanda, akasema nimtafutie mto wa kukalia.

Vipande vya ubao ninavyo dukani, pamoja na daftari. Mhandisi anayehusika na barabara ya Lindi akitaka kuviona, aje. Nafungua saa mbili asubuhi.

Mama wa vifaa vya ujenzi,
Chikongola, Mtwara