Andrew Loog Oldham hakuwa mpiga debe tu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala katika ukurasa wenu wa burudani kuhusu mameneja wa bendi za rock za Uingereza katika miaka ya 1960, ambamo Andrew Loog Oldham, aliyeiongoza The Rolling Stones kama meneja na prodyuza kuanzia 1963 hadi 1967, alipewa aya moja na kuelezwa kuwa kijana wa mbwembwe aliyetajirika kwa kuwapigia debe wenzake. Mbwembwe alikuwa nazo, tena za kupindukia, wala sikusudii kuzikanusha. Ninalopinga ni dai kwamba kazi yake iliishia hapo, kwa kuwa jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya lilifanyika kwenye mikataba, na kilichomponza baadaye kilikuwa humo humo kwenye mikataba.

Oldham alizaliwa London mwezi Januari 1944, miezi kadhaa baada ya baba yake, mwanajeshi wa anga wa Marekani, kuuawa vitani. Alianza maisha kama kijana wa kutumwa kwa mbunifu wa mavazi Mary Quant, akaingia katika shughuli ya kuwatafutia wanamuziki nafasi magazetini, na kwa muda mfupi mwaka 1963 aliifanya kazi hiyo kwa Brian Epstein, meneja wa The Beatles. Mwezi Aprili mwaka huo alikwenda Richmond, pembezoni mwa London, kuwatazama Stones wakipiga katika ukumbi wa hoteli iliyokuwa karibu na stesheni ya treni, na papo hapo akaamua kuwa hao ndio watu wake. Alikuwa na miaka 19. Umri huo haukumruhusu kupewa leseni ya uwakala, kwa hiyo akamtafuta Eric Easton, wakala mtu mzima mwenye ofisi na subira, wakaungana.

Hapa ndipo makala yenu ilipopita haraka mno. Kampuni ya kurekodi muziki ya Decca, ambayo mkuu wake wa kutafuta vipaji, Dick Rowe, alikuwa akisutwa kila kona kwa kuikataa The Beatles, iliihitaji bendi mpya kwa udi na uvumba, na Oldham akautumia wasiwasi huo ipasavyo. Desturi ya wakati ule ilikuwa kwamba msanii huingia katika studio ya kampuni, hurekodiwa na fundi wa kampuni chini ya prodyuza wa kampuni, na mkanda unaotoka humo huwa mali ya kampuni, huku yeye akiambulia senti kidogo kwa kila sahani ya santuri inayouzwa. Oldham na Easton walifanya kinyume. Waliunda kampuni yao wenyewe, Impact Sound, ambayo ndiyo iliyokodi studio, ikagharimia kurekodi na kuumiliki mkanda, kisha ikaikodishia Decca haki ya kuchapa na kuuza. Hakuwa wa kwanza kuifuata njia hiyo, kwani prodyuza Joe Meek alikwishaijaribu nchini Uingereza, na prodyuza mwingine, Phil Spector, ambaye Oldham alimhusudu hata katika uvaaji wa miwani myeusi, alikuwa akijitegemea huko Marekani. Lakini kwa bendi ambayo ilikuwa bado haijatoa hata wimbo mmoja, ulikuwa ujasiri wa aina yake. Faida yake haikuwa ya fedha tu: kwa kuwa mkanda haukuwa wao, wakubwa wa Decca hawakuwa na sauti ya kuagiza nyimbo zipi zirekodiwe wala zipigwe namna gani.

Kinachochekesha ni kwamba huyo aliyejiita prodyuza hakuwa na ujuzi wowote wa mitambo. Tarehe 10 Mei 1963 aliipeleka bendi katika studio ya Olympic kurekodi wimbo wake wa kwanza. Muda ulipokwisha, fundi Roger Savage alipomuuliza kuhusu kuchanganya sauti, Oldham akataka aelezwe kwanza jambo hilo ni lipi, na alipoelezwa akamwachia fundi aimalize kazi hiyo peke yake. Wapo wanaokitumia kisa hiki kumnyima cheo cha uprodyuza. Mimi naona wanakosea, maana studio zilikuwa na mafundi wa kutosha, ila zilikosa mtu wa kusema wimbo huu utoke na ule ubaki. Keith Richards mwenyewe, mpiga gitaa wa Stones, hakuamini kwamba „Satisfaction“, waliyoirekodi Hollywood mwaka 1965, ilikuwa imekamilika kiasi cha kutolewa. Oldham alikuwa miongoni mwa waliosisitiza itoke, na ilikwenda kushika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza.

Tena ni yeye aliyewalazimisha mwimbaji wa bendi, Mick Jagger, na Richards kuwa watunzi. Mwanzoni bendi iliishi kwa kupiga nyimbo za watu weusi wa Marekani, na fedha za utunzi zikawa zinakwenda kwingine. Mwezi Septemba 1963 Oldham alikutana na John Lennon na Paul McCartney wa The Beatles mtaani London, akawapeleka mahali Stones walipokuwa wakifanya mazoezi, nao wakaumalizia wimbo „I Wanna Be Your Man“ pale pale na kuwaachia. Somo likamwingia kuwa nyimbo huandikwa na vijana wa kawaida waliokaa chini na gitaa. Hadithi kwamba aliwafungia Jagger na Richards jikoni hadi watoke na wimbo imesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba ukweli wake sasa ni vigumu kuutenga na chumvi, lakini matokeo yako wazi: mwaka 1964 mwimbaji Marianne Faithfull alitamba na „As Tears Go By“, ambayo Oldham anatajwa pamoja nao kama mtunzi, na ilipotoka albamu ya Aftermath mwaka 1966, nyimbo zote zilikuwa za Jagger na Richards.

Kuhusu mbwembwe zenyewe, makala ilizitaja zile za kuchekesha na kuziacha zile za kuumiza. Ian Stewart, mpiga piano aliyekuwa na bendi tangu ilipoundwa, aliondolewa katika safu ya mbele kwa amri ya Oldham kwa sababu sura yake haikuendana na picha iliyokusudiwa, na watu sita walikuwa wengi mno kwa mashabiki kuwakariri. Stewart alikubali kubaki kama mpanga vyombo na mpiga piano wa pembeni hadi alipofariki mwaka 1985, jambo linalosema mengi kuhusu moyo wake na machache ya kupendeza kuhusu meneja wake. Vilevile, katika maelezo ya nyuma ya jalada la albamu ya pili, mwaka 1965, Oldham aliwashauri wasiokuwa na fedha za kuinunua wamgonge kipofu kichwani na kumpora pochi. Malalamiko yalifika hadi Bunge la Mabwana na Decca ikalazimika kuyaondoa maneno hayo. Wapo wanaoliita hilo utani wa enzi zile, ila mimi halinichekeshi. Lakini mtu huyo huyo, mwaka huo huo, alilipa kwa fedha zake tangazo gazetini kuwasihi wasomaji wainunue „You've Lost That Lovin' Feelin'“ ya The Righteous Brothers, bendi isiyomhusu hata kidogo, kwa sababu tu aliona ni dhuluma kwa toleo la mwimbaji Cilla Black kuipiku.

Mwaka 1965, pamoja na Tony Calder, alianzisha lebo ya Immediate, mojawapo ya lebo za kwanza za kujitegemea nchini Uingereza kufanya biashara ya kiwango kikubwa. Mwimbaji Chris Farlowe alishika nafasi ya kwanza kupitia lebo hiyo, na albamu ya bendi ya Small Faces ya mwaka 1968, iliyouzwa katika jalada la duara mithili ya kopo la tumbaku, iliongoza chati kwa wiki sita. Miaka miwili baadaye Immediate ikafilisika. Wanamuziki wa Small Faces walilalamika kwa miaka mingi kwamba mirabaha yao haikuwafikia, na hilo ndilo doa ambalo mtetezi yeyote wa Oldham, mimi nikiwamo, hana budi kulikabili: aliyewaokoa Stones wasimezwe na kampuni aliongoza kampuni ambayo wasanii wake walibaki mikono mitupu.

Yeye mwenyewe hakusalimika. Mwaka 1965 alimwingiza Allen Klein, mhasibu kutoka New York aliyejua kuzibana kampuni za sahani hadi zikatapika fedha, ili amsukume Easton pembeni. Klein akamfanyia mengi mazuri na akajifanyia mazuri zaidi. Oldham aliachana na bendi mwaka 1967, akamuuzia Klein sehemu yake, na bendi ilipoachana na Klein mwaka 1970 ilikuta rekodi zake za miaka ya 1960 ziko mikononi mwa kampuni ya Klein, ABKCO.

Aya yenu iliitaja „Bitter Sweet Symphony“ ya The Verve, ya mwaka 1997, kuwa imechota kutoka kwa Rolling Stones. Naomba marekebisho. Kipande kilichochotwa ni cha The Andrew Oldham Orchestra, okestra aliyoiunda Oldham, ikiupiga wimbo wa Stones uitwao „The Last Time“. Kwa kuwa ABKCO ilimiliki haki za wimbo huo, utunzi uliandikwa kwa majina ya Jagger na Richards, na Richard Ashcroft, mwimbaji wa The Verve, alirejeshewa haki zake mwaka 2019 tu. Vinanda vile vinavyotambulika na kila mtu vilipangwa na David Whitaker, ambaye alifariki mwaka 2012 bila jina lake kuwekwa miongoni mwa watunzi.

Msomaji wenu,
Morogoro