Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mambo ya mwaka huu na kwanini tulibaki na pepa 26

Ndugu wanachama, salamu sana.

Hii ndo taarifa yangu ya mwaka ya kikundi chetu cha kujifunza kuunganisha tafiti za kimaelezo, kama katiba yetu inavyotaka, imechelewa kidogo kwasababu nilikua nasubiri hesabu za mhazini na zimefika juzi. Mambo mnayoyajua ntayapitia haraka. Mikutano tulifanya 11, mafunzo ya kutafuta pepa (makala za utafiti) yaliisha Februari, tukajifunza kupanga swali la utafiti kwa vipengele vya SPIDER, tukajifunza CASP, ile orodha ya kupima ubora wa pepa, na maswali yake 10, jedwali la pepa likajazwa, protokoli, yaani mpango wa kazi, ikaandikwa (niliandika mimi, usiku, wiki mbili mfululizo, na katibu akaisahihisha). Wanachama tuko 41, waliolipa ada 14, wastani wa mahudhurio watu 9, mikutano iliyotimiza akidi 4. Hizo namba zishikeni maana ndo zinaeleza karibu kila kitu kilichotokea mwaka huu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, la kuchagua pepa 26 kati ya 57 badala ya kuchambua zote. Najua kuna watu hawajaniridhia mpaka leo, wengine waliandika kwenye grupu kwamba mwenyekiti katupa ushahidi, wengine wakasema nimeamua peke yangu kama kikundi ni changu. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Swali letu la mazoezi lilikua kwanini mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu kama presha anaacha dawa au anazimeza kwa namna yake tofauti na alivyoambiwa. Baada ya mchujo zikabaki pepa 57 za kimaelezo, yaani za mahojiano na vikundi vya mazungumzo. Tulikubaliana kwenda kwa njia ya Thomas na Harden ya mwaka 2008 ya kuunganisha tafiti kwa mada, hatua zake 3 mnazijua, kuweka kodi (lebo fupi ya maana) mstari kwa mstari, kujenga mada za kueleza, alafu kupanda kwenye mada za uchambuzi zinazosema kitu ambacho pepa moja moja haikusema. Tukakubaliana pia kila pepa isomwe na watu wawili, kila mtu kivyake, ndo wakae walinganishe. Hiyo ya wawili niliing'ang'ania mimi na siijutii, kwasababu kwenye kazi hii msomaji ndo chombo, na chombo kimoja kikiegemea upande hakuna cha kukirudisha.

Pigeni hesabu basi. Pepa 57 mara wawili ni kusoma mara 114, na pepa moja kwa mtu anayejifunza inakula masaa 5 hivi, hayo ni masaa 570, na watu wanaotokea ni 9. Mpaka Juni tulikua na pepa 11 zilizosomwa na wawili, 19 zimesomwa na mmoja tu, na 27 hakuna aliyezifungua. Nilipoona lile jedwali nilikaa kimya muda mrefu kwakweli. Nikaitisha mkutano, akidi haikutimia, nikaitisha mwingine ikawa vilevile, na wa tatu pia. Ndo nikaamua, mimi na katibu, kwamba tuchague sampuli ya pepa badala ya kuchambua zote. Kwahiyo anayesema niliamua bila wanachama, namuuliza kwa heshima, wanachama walikua wapi siku zile tatu?

Ila sitaki mfikiri niliamua kwasababu ya uchovu peke yake. Hata tungekua watu 30 ningependekeza hivyohivyo, na hapa ndipo nahisi wengi hatujaelewana. Kwenye kuunganisha majaribio ya dawa unataka kila jaribio, kwasababu unajumlisha namba na ukiacha moja jibu linaweza kuhama. Sisi hatujumlishi, tunatafuta maana. Pepa ya arobaini ikirudia wazo lilelile haiongezi uzito kama kilo kwenye mzani, inachofanya ni kukuchosha usione vizuri ile pepa ya tatu iliyokua na jambo zito. Na sijalitunga mimi, Ames na wenzake kwenye mapitio yao ya Cochrane, ule mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tafiti za afya, kuhusu wazazi na mawasiliano ya chanjo walikua na tafiti 79 zinazofaa wakachagua 38, na 2019 wakatoa pepa nzima kueleza walivyochagua. Walipima utajiri wa data wa kila pepa, yaani maelezo yake yalivyo ya kina, kwa kipimo cha 1 mpaka 5, na sisi tumechukua kipimo hichohicho. Britten na wenzake mwaka 2002 walionyesha meta-ethnografia, njia nyingine ya kuunganisha tafiti za kimaelezo, inavyofanyika kwa pepa 4 tu, tena kuhusu watu wanavyozielewa dawa, ambayo ni jirani kabisa na swali letu.

Kuna aliyenijibu mbona kazi ya mapitio ya 2015 kuhusu kina mama kutendewa vibaya wakati wa kujifungua ilikua na tafiti 65 za nchi 34, na ile ya 2007 ya wagonjwa wa TB na dawa zao ilikua na 44. Ni kweli, na ni kazi kubwa nazoziheshimu sana. Lakini ile ya 2015 ilichanganya tafiti za maelezo na za namba, na zote mbili zilifanywa na watafiti wazoefu, sio watu wanaojifunza jioni baada ya kazi. Sisemi pepa nyingi ni kosa, nasema wingi unaendana na mikono iliyopo.

Niwape mfano ambao waliohudhuria Agosti wanaukumbuka. Pepa kama 6 hivi zilikua na mada inaitwa kusahau, sentensi mbili za mwandishi na nukuu fupi ya mgonjwa, basi. Ukizihesabu utasema ooh kusahau ndo tatizo kubwa, limetajwa mara nyingi. Alafu ukafungua pepa moja nene, mtafiti kakaa na watu wachache kwa muda mrefu, unakuta mtu aliyeanza kwa kusema anasahau, akiulizwa taratibu anaeleza kwamba anaacha siku kadhaa makusudi aone mwili utafanyaje bila dawa, na kwa daktari anasema amesahau kwasababu hiyo ndo sababu isiyoleta ugomvi. Sasa ile kusahau ya zile pepa 6 bado ni ileile? Pale ndipo tulipofundishana tofauti ya neno la mgonjwa na tafsiri ya mtafiti, ambayo kwenye kodingi ya miezi ya kwanza watu walikua wanazichanganya kabisa, nukuu na maelezo ya mwandishi vyote kodi moja. Ule mkutano ndo ulikua mkutano bora wa mwaka kwangu, tulikua watu 15, na nasikitika wengine 26 waliukosa.

Nikubali pia palipokosewa. Sampuli ya kwanza ilikua pepa 24 na dada mmoja mwanachama akaandika kwamba hakuna hata moja ya vijana, zote ni watu wazima. Alikua sahihi. Nilikua nimeangalia utajiri wa data na ukaribu na swali letu, nikasahau kuangalia ni nani anayezungumza ndani ya hizo pepa. Tukaongeza 2 za vijana, zikawa 26, na hizo 2 zimebadilisha mada nzima ya nani anaishika dawa nyumbani. Huyo dada alifanya kile nilichokua naomba kila siku, alisoma jedwali akaja na hoja, hakulalamika pembeni.

Na zile 31 zilizobaki hazijatupwa. Ziko kwenye jedwali na sababu ya kila moja imeandikwa, yeyote anaweza kwenda kuziangalia. Mpango ni kwamba mada zikikaa sawa tuzirudie tuone kama kuna inayozipinga. Tena naomba hapa tusichanganye, hatukuchagua kwa alama za CASP. CASP hatuitumii kama mlango wa kumfukuzia mtu, tunaitumia kujua udhaifu wa kila pepa ili uje usaidie kwenye CERQual, njia ya kupima matokeo yetu yanaaminika kiasi gani, ambayo vipengele vyake ni 4, mapungufu ya mbinu, mshikamano wa matokeo na data, utoshelevu wa data na uhusiano na swali. Pepa dhaifu kimbinu inaweza kuwa na wazo zuri, na pepa iliyoandikwa vizuri sana inaweza isiwe na kitu ndani.

Mahudhurio na ada. Nasema hili kwa uchungu. Mwanachama asipokuja, mwenzake aliyepangwa naye anabaki na pepa yenye msomaji mmoja, yaani kutokuja kwako hakuishii kwako. Kuna mwenzetu mmoja amesoma pepa 9 mwaka huu na 5 kati ya hizo alikua hana wa kulinganisha naye, amenipigia mara mbili anauliza afanyeje. Ada 14 kati ya 41 haikutosha leseni ya NVivo, programu ya kompyuta tuliyotumia kuweka kodi, miezi 5 nimelipa mfukoni mwangu, risiti anazo mhazini, sidai kurudishiwa ila naomba ijulikane. Mwezi wa 10 tukahamia kwenye spredishiti ya kawaida na kusema kweli kazi haijaharibika, ni polepole tu. Wanaosema walipe ada ya nini wakati kila kitu ni bure, waje waone.

Mwakani natumaini tumalize mada za uchambuzi, tuanze CERQual, na tukijaliwa tuandike ripoti kwa kufuata ENTREQ, mwongozo wa kuripoti kazi kama hii, na vipengele vyake 21, labda tuitume hata kwenye jarida. Meta-ethnografia ya Noblit na Hare na hatua zake 7 wengi mmeiomba, tutaona nguvu zitakavyokua.

Kwa sasa pepa namba 8, 15, 22 na 31 bado zina msomaji mmoja mmoja. Anayeweza kuchukua hata moja aniandikie kabla ya mkutano ujao, nitamuunganisha na mwenzake siku hiyohiyo.

Mwenyekiti wenu